Kompyuta Mbili Katika Chumba cha Mbele

Mama Shani tulimzika Ijumaa, pale Ujiji. Jumamosi mchana, wageni wa mbali walipokwisha kuondoka na masufuria ya msiba yanaoshwa uani, wanawe wawili walianza kubishana juu ya kompyuta. Nadhani walikuwa wamechoka kulia, wakatafuta kitu chepesi. Shani anataka kumnunulia binti yake kompyuta ya mezani yenye kioo kikubwa. Mdogo wake, Idrisa, akamcheka. "Siku hizi nani ananunua kabati, dada? Mnunulie laptopu, aende nayo chuoni." Shani akasema laptopu ni ya kuibiwa. Idrisa akasema ya mezani ni ya kufunikwa kitambaa. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi niliyekuwa nachambua mchele. "Dada Skola, wewe ndiye uliyezitumia zote mbili humu ndani tukiwa wadogo. Sema kweli, ipi ilikuwa bora?" Nikasema inategemea. Wakacheka mpaka Shani akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Dada Skola na inategemea zake!"

Nimerudi kwangu, nimelitoa daftari la mwaka ule wa kompyuta mbili, na sasa naona sikuwajibu vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jinsi nilivyoshuka kutoka kijijini kwetu Kalinzi nikafika katika nyumba ile ni habari nyingine, haina ladha, naiacha. Niseme tu kwamba shule yangu iliishia darasa la saba, na kupiga chapa nilifundishwa na masista kwa miezi michache, kwa hiyo msomaji akikuta nimetumia neno kubwa mahali pasipofaa anisamehe. Pia kumbukumbu yangu na daftari langu havikubaliani kila mahali. Panapogombana nimefuata daftari, ingawa nalo liliandikwa na mimi yuleyule.

Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha la mbao lililofunguka barabarani, makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya msikiti, na kwenye kona, juu ya meza ya mninga, kompyuta ya Mama Shani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ujiji, na mashine ile aliinunua ili achape mitihani nyumbani. Kioo chake kilikuwa kinene nyuma kama jiwe la kusagia, rangi yake nyeupe iliyoanza kuwa kama maziwa ya jana. Chini ya meza palikuwa na boksi lililovuma, na kando printa. Jirani akija kuomba chumvi alikaa kwanza kuitazama, hata ikiwa imezimwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, na saa zile Mama Shani akiwa shuleni kuchapa alichoniachia. Jioni tulikula pamoja, ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani iliyoungwa kwa mawese, nami Mkristo katika nyumba ya Waislamu sikuwahi kutengewa sahani yangu peke yangu. Nalisema hili kwa sababu wapo waliosema vingine.

Mume wake, Baba Shani, alikuwa Mpare, afisa uvuvi, na ofisi yake ilikuwa Kibirizi, kwenye soko la dagaa. Mwaka ule alirudi kutoka semina Dar es Salaam na laptopu begani, nyeusi, na begi lake. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Chumba changu kilipakana na jiko, na ukuta haukufika juu, kwa hiyo sikuwa nadukua, nilikuwa nimelala tu na masikio yangu.

"Iuze ile," alisema Baba Shani. "Mtumishi wa serikali ni kama gunia, leo yuko hapa kesho anapakiwa. Wakiniandikia Lindi, hii naifunga kama kitabu. Ile yako tutaikodia behewa?"

"Wewe ndiye gunia," Mama Shani akajibu. "Mimi nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Nataka mashine ambayo mtu akija kuichukua, lazima aniombe nimsaidie kubeba."

"Umeme ukikatika je?"

"Nafunika, napika."

Wakacheka wote wawili, lakini mimi niliyekuwa nawasikiliza kila siku nilijua wanabishana juu ya uhamisho. Kila mmoja aliipenda kompyuta iliyofanana na maisha aliyotaka kuishi. Hilo sikuliona siku ile, nisijisifu. Nimeliona sasa, ninapoandika. Mwisho Baba Shani akasema, "Haya, mwenye kuzichapa zote ni Skola. Azitumie mwezi mzima, halafu aseme ipi ibaki." Nikaingiwa na hofu kama nimeitwa barazani kutoa ushahidi. Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa ile ya mezani niliandika kwamba herufi zake ni kubwa, kibodi yake hailalamiki ukiibonyeza kwa nguvu, na mtu aliyekaa pembeni anaona unachofanya. Upande wa laptopu niliandika kwamba umeme ukienda yenyewe inaendelea, haivumi, na unaweza kuipeleka uani kwenye hewa. Sikupata mshindi. Nilijaribu kuongeza sababu upande mmoja, nikaona naonea upande wa pili, nikafuta.

Siku za katikati ya mwezi ule ndipo alipokuja Mzee Bukuru. Ilikuwa wakati ule ambapo wakimbizi wa Burundi walianza kurudishwa kwao kwa malori, msafara baada ya msafara. Mzee alikuwa katekista kambini, amekaa huko miaka mingi, na jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye orodha ya msafara wa wiki inayofuata. Alikuwa amepewa kibali cha kutoka kambini siku tatu tu. Alifuatana na Dezire, mtoto wa kaka yake aliyekufa, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye watoto watatu waliozaliwa kambini. Walifikia kwa jamaa zao wa Ujiji, na hao ndio waliowaelekeza kwetu, kwa sababu wachapaji wa mjini wengi walitoka mikoa mingine na Kirundi hawakijui, na mimi Muha nakisikia kama lugha ya nyumba ya pili.

"Amahoro, mwana wanje," alinisalimu mlangoni, yaani amani, mwanangu.

"Amahoro, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe unaandika Kirundi bila kukivunja miguu."

Alichotaka ni karatasi moja. Aeleze shamba la baba yake kule mlimani, mpaka wake unaanzia wapi na unaishia wapi, nani alikuwa jirani, ili akifika awape wazee wa kilima, kama kusema wazee wa kijiji kwetu, na wenye kuamua. Alijua atamkuta mtu ndani ya nyumba yao. Wote waliorudi kabla yake walikuta mtu. Wasio na maneno yaliyonyooka waliambiwa wasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa ni kukaa tena kwenye mahema, safari hii katika nchi yao. "Nikifika na mdomo mtupu," alisema, "wataniona mzee aliyechanganyikiwa na safari. Nikifika na karatasi, watakaa chini wasome." Mama Shani alisikia akiwa anafunga viatu vya kwenda shule, akaniambia nimchapie, na wasilipe kitu.

Siku ya kwanza, Jumanne, umeme ulikuwepo. Mzee aliketi kwenye kochi lililo karibu na meza, akaona ile kompyuta kubwa, akaona neno lake la kwanza linatokea kwenye kioo. Alisogeza kochi. "Kumbe nasi tunasoma," alisema. Kisha akafumba macho, akaanza kutembea kwenye shamba. Nasema kutembea kwa sababu ndivyo alivyofanya, ingawa alikuwa ameketi. Alianza juu kwenye jiwe, akashuka na mstari wa minyaa, ile tunayoiita miyenzi, ambayo kwetu na kwao hupandwa kuwa mpaka, majirani wote wawili wakiwepo. Kwa kila kipande cha mstari alitaja walioupanda. Huyu alikuwa babu yake, huyu jirani wa upande wa juu, huyu alifariki mwaka wa njaa, huyu aliuawa. Aliwataja polepole, na mimi nilichapa.

Kosa langu ni hili, na sitaki kulipunguza. Mashine ile ukitaka kuhifadhi, ilikuwa inanguruma na kuganda karibu dakika nzima, na ningelazimika kumwambia Mzee angoje. Mtu anapowataja marehemu wake humkati. Mtoto wa Kalinzi anafundishwa hivyo kabla hajajua kuosha vyombo. Kila nilipotaka kusema "Mzee, subiri kidogo," alikuwa kwenye jina la mtu mwingine aliyekufa. Nikasema nitahifadhi akimaliza. Alifika chini, kwenye minyaa ya mwisho. Hapo alisema kwamba kutoka minyaa hiyo kushuka mpaka mtoni ni kwa Ntamagara, jirani yao wa bondeni. Baba yake aliwahi kupewa na Ntamagara kulima bonde hilo kiangazi, lakini kwa kuomba, si kwa kumiliki. Nilikuwa bado kwenye sentensi ya kushuka mpaka mtoni kioo kilipofanya nukta moja nyeupe katikati, nukta ikazimika, na feni ya juu ikapunguza mwendo mpaka ikasimama. Hatukuwa na kile kiboksi cha kutunza umeme. Nilibaki na mikono hewani.

"Imelala?" Mzee aliuliza.

Nilimwambia kweli. Sikuweza kumtazama. Akasema, "Basi. Wameshatajwa. Kesho tutawataja tena." Afadhali angenikaripia.

Umeme haukurudi jioni, wala asubuhi. Ilisemekana mashine za umeme za mji zimeishiwa mafuta. Baba Shani, lazima niseme wema wake, hakunicheka. Aliacha laptopu mezani kabla ya kwenda kazini. "Nimeijaza jana ofisini kwenye jenereta. Ina saa mbili. Zitumieni vizuri." Halafu akamgeukia mkewe: "Sikusema kitu." Mama Shani akajibu, "Umesema kwa meno," maana alikuwa anatabasamu.

Kwa hiyo Jumatano tulifanya kazi kwenye laptopu, na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo halikuwa kwenye mistari yangu miwili. Kioo cha laptopu ile kilionekana na mtu aliyeketi mbele yake tu. Ukikaa pembeni unaona kivuli cha kijivu, kama sufuria iliyopigwa masizi. Mzee alijaribu kuinama, akavua miwani, akavaa, akaacha. "Hii ni ya mtu mmoja," alisema. "Ile nyingine ni ya watu." Akaketi kwenye kochi la mbali, Dezire akaketi kati yake na mimi. Safari hii Mzee hakufumba macho. Alikuwa anatazama saa ya ukutani kwa ajili ya zile saa mbili, na majina aliyataja harakaharaka kama anayeita mahudhurio. Nilihifadhi kila baada ya mistari miwili. Mashine haikunguruma, haikuganda, ilifanya kazi yake bila lawama yoyote, na nataka hilo lijulikane.

Tulipofika minyaa ya mwisho, Mzee aliacha kutaja. Dezire akasema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo, "Baba mdogo, jana tumeongea."

"Tumeongea."

"Basi sema."

Mzee akasema, "Andika: na kutoka hapo mpaka mtoni."

Nikangoja. Hakukuwa na zaidi. Shamba lilishuka mpaka mtoni, na Ntamagara hakuwepo tena. Nilitazama kioo ambacho ni mimi tu niliyekuwa nakiona, nikachapa nilichoambiwa.

Nimpe Dezire haki yake. Walipokuwa wanakunywa chai yetu ya tangawizi na kalimati nilimsikia akieleza, bila kuficha. Watu wa kule wamechukua kilima chote, alisema. Ukidai kilima utapewa nusu yake. Ukidai kilima na bonde, huenda ukapewa kilima. Halafu ana watoto watatu ambao hawajawahi kuona jembe likiingia kwenye udongo wao wenyewe, na kiangazi maharage hayaoti mlimani, yanaota bondeni. Mimi nilikuwa na Kalinzi ya kurudi wakati wowote. Jioni ile niliandika kwenye daftari: "Si kazi yangu. Mimi ni mchapaji." Nikapiga mstari chini yake, na naona mwandiko wa mstari huo umekwenda upande.

Alhamisi, siku ya mwisho ya kibali, umeme ulirudi asubuhi. Printa ilikuwa inafanya kazi na ile ya mezani tu, kwa hiyo niliweka barua kwenye disketi kutoka laptopu, nikaja kuwasha ile kubwa. Mzee aliketi mahali pake pa Jumanne. Dezire alisimama nyuma yangu kwa sababu gari la kurudi kambini lilikuwa linangoja saa sita. Nilifungua programu ya kuandikia ili niisome disketi. Na kabla sijaigusa disketi, mashine ikaleta yenyewe ukurasa uliojaa maneno. Mimi sikujua kwamba kompyuta huweza kujitunzia kazi pembeni bila kuambiwa. Nilikuwa nimefundishwa kuchapa, sikufundishwa hilo. Yalikuwa maneno ya Jumanne. Jiwe la juu, minyaa, babu, jirani, aliyefariki, aliyeuawa, wote wamekaa kwenye kile kioo kinene, kwa herufi ambazo mtu aliweza kuzisoma kutoka mlangoni.

Dezire alisoma haraka kuliko sisi. "Dada, funga hiyo. Siyo yenyewe."

Mkono wangu ulikuwa juu ya mausi. Kufunga kulitaka kidole kimoja, na mashine ilikuwa inaniuliza kama nataka kuitunza kazi hii au kuitupa. Mteja ameniambia nifunge. Kwa kweli si yeye mteja, mteja ni Mzee, lakini Mzee alikuwa amesema ya Jumatano kwa mdomo wake mwenyewe. Nilifikiri hayo yote na sikupata jibu la haki. Nilichofanya ni kuhifadhi, kisha nikautoa mkono nikauweka magotini. Sijui mpaka leo kama huo ulikuwa ujasiri au nilishindwa tu kuamua.

Mzee alisimama, akasogea mpaka uso wake ukapata mwanga wa kioo. Akasoma kwa sauti, kwa Kirundi, jina baada ya jina, mwendo uleule wa siku ya kwanza. Mama Shani, ambaye siku hiyo alikuwa na kipindi cha mchana, alitoka jikoni na sinia la chai akasimama nalo. Mzee alifika chini. "Na kutoka minyaa hiyo kushuka mpaka mtoni ni kwa..." Hapo maneno yaliishia. Mashine ilikuwa imetunza mpaka hapo, na kimstari cheusi kilikuwa kinawaka na kuzima mbele ya nafasi tupu.

"Baba mdogo," Dezire alisema. Hakuwa mkali. "Kiangazi watoto wangu watalima wapi?"

"Watamwomba."

"Watamwomba nani? Huyo aliyelala kwenye nyumba yetu?"

"Aliyelala kwenye nyumba yetu simjui," Mzee alisema. "Wa bondeni namjua. Minyaa ile tuliipanda nikiwa nimeshika mche, yeye ameshika mwingine."

"Huenda ameshakufa."

"Huenda. Basi waombwe wanawe."

Dezire akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Kila mtu anarudi na shamba, sisi tunarudi na adabu."

Mzee aliniomba nimpishe kwenye kiti. Aliketi, akakunja mikono ya shati kama anayetaka kunawa, akanyoosha kidole kimoja juu ya kibodi. Nilitaka kumsaidia, Mama Shani akanitazama, nikaacha. Alitafuta N muda mrefu, akaibonyeza kwa nguvu, ikatokea. Akatafuta T. Taa ya juu ilififia kidogo, ikarudi, nasi wote tukaiangalia isipokuwa yeye. Kila herufi ilipotokea tuliiona watu wanne kwa pamoja, na Dezire aliyekuwa amegeukia mlango alikuwa anageuka nyuma kila anaposikia kibodi. Chai ilipoa kwenye sinia. Jina lilipokamilika, lote kwa herufi ndogo, Mzee aliuliza nukta iko wapi. Nikamwonyesha. Akaiweka.

Nilichapa nakala moja. Barua ya Jumatano, ile ya disketi, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuitaja. Printa ilivuta karatasi polepole, Mzee akaisoma mara moja tena akiwa amesimama dirishani, kisha akabaki ameishika hajui pa kuiweka, maana suruali yake ilikuwa imetoboka mifuko. Dezire alimtazama kidogo. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa mfuko wa nailoni aliokuwa ametunzia kadi ya chakula ya watoto wake, akaupuliza kuona kama una tundu, akaichukua karatasi ile mkononi mwa baba yake mdogo, akaikunja mara mbili, akaiweka pamoja na kadi.